Kaka Yangu Nilivyomsifu kwa Wakili

Mpendwa Mama Polonia wa redio yetu, naomba msaada kabla ya Jumanne, siku yetu ya mahakama, maana nimeharibu na nacheka huku nalia. Mimi ni Eulalia Guity, Mgarifuna, sisi watu weusi wa pwani ya Honduras, niko Bronx, na mwaka wa pili huu namlea binti wa kaka yangu, Yensi, miaka kumi na sita, mama yake alifariki na baba yake, Orlin, alimwacha ana miaka mitatu, hajapiga hata simu, na Mungu si Athumani, tumepata wakili wa bure, Wakili Feld, anataka jaji anipe ulezi halali na aandike kwamba baba alimtelekeza, ndipo tumwombee mtoto hifadhi asirudishwe Honduras. Basi akaniambia niandike maelezo kuhusu baba yake, nami nimefundwa kwamba mbele ya wakubwa humwaibishi ndugu yako, unaonyesha mtoto katoka kwa watu, nikajaza kurasa mbili, Orlin baba wa mfano, hali mpaka mtoto ashibe, humsuka nywele kila Jumamosi, mwalimu akiita huenda, nikapeleka na mikate yetu ya muhogo miwili, mmoja wa wakili, mmoja wa jaji. Wakili akasoma, akashika kichwa: "Mama Eulalia, kwa baba mzuri hivi, jaji si atampandisha mtoto ndege kesho!" Yensi naye akaichukua ile karatasi, akaisoma yote, akaniuliza, "Shangazi, huyu baba ni nani? Ningependa kumjua." Halafu akacheka, ana roho nzuri mtoto yule, mimi nikakosa pa kuweka uso. Sasa nimuumbue kaka yangu mahakamani? Damu nzito kuliko maji, Mama.

Eulalia, Bronx

Eulalia wewe! Chai imenipalia. Mwanamume asiyepiga simu miaka kumi na mitatu, kusuka kajifunza lini?

Pole, na hongera pia, maana karatasi imeishia kwa wakili, haijamfikia jaji. Huyo ni wakili wa Yensi, mwanangu, hakuajiriwa kulinda jina la ukoo wa Guity. Mficha uchi hazai. Kusema Orlin aliondoka na hajarudi si kumtukana. Aliyeondoka ni yeye, wewe unataja mwaka tu.

Mpigie wakili leo, si kesho. Andika upya: aliondoka lini, alituma nini, mama alipokufa nani alizika. Yensi aseme mwenyewe, na ole wako umfinye paja chini ya meza! Mkate wa jaji kuleni nyumbani, jaji hapewi kitu hapa, utajitia matatani. Wa wakili mpelekee Jumanne mkishamaliza, na mchuzi wa samaki wa nazi, ale vizuri, amefanya kazi.

Lakini ile karatasi ya kwanza usiichane. Nimerudia barua yako mara tatu. Anayemsuka Yensi kila Jumamosi ni nani? Mwalimu akiita, anaacha kazi nani akakimbia shuleni? Nani hali mpaka mtoto ashibe? Uliyoandika yote ni kweli, ila sifa zako umempa mtu mwingine. Jumanne jaji akiuliza nani anamlea mtoto huyu, simama wima, mwambie hayo hayo, na useme, "Ni mimi."