Yule Rafiki Yako Sikumpa Cheti

S.L.P. 31,
Bunda, Mara.
9 Agosti, 1976

Mpendwa kaka Mwikwabe,

Pokea salamu nyingi kutoka kwangu mdogo wako Magige, ambaye sasa anakupita urefu, usibishe mpaka tupimane. U hali gani huko Dar es Salaam? Joto linakuachia usingizi? Sisi huku wazima. Mama mzima, goti tu linamsumbua. Baba anakohoa asubuhi lakini kelele zake hazijapungua. Bibi Ghati ndiye mzima kuliko wote. Pamba tumemaliza kuchuma, na mistari mingi niliichuma mimi, hata kama dada Boke atakuandikia vingine.

Baada ya salamu, kaka, nina maneno.

Jumatano iliyopita alikuja mtu hapa, suruali pana chini kama sketi. Akasema anaitwa Boniphace, kwao Iringo, Musoma mjini, na amesoma na wewe chuo cha ualimu. Alileta barua yako. Nikaisoma mbele ya wote, maana msomaji hapa ni mimi. Inasema umemaliza chuo, umeamua kwenda Msumbiji kufundisha Kiingereza, unaondoka Septemba, na tumpe Boniphace cheti chako cha kidato cha nne kilichomo kwenye sanduku la bati la Mama, akuletee haraka.

Mama akainuka kufungua sanduku. Nikamwambia, "Mama, kaa kwanza."

Kaka, barua ile imepigwa chapa! Tangu lini mtu anamwandikia mama yake kwa mashine, kama anaita wananchi kwenye mkutano? Na salamu mstari mmoja. Wewe unaulizaga mpaka habari za ng'ombe kwa majina, safari hii hata Bibi hukumuuliza. Sahihi ni yako, ndiyo, lakini sahihi yako hata mimi naiweza. Niliwahi kuitia kwenye ripoti yangu ya shule.

Nikampima yule bwana. Nikamtupia Kiingereza, sentensi mbili nzito. Akajibu mbio mbio, nikatikisa kichwa kama mkaguzi wa shule. Hapo alinishinda kidogo, nakiri. Kidogo tu.

Boke akaleta ugali na sato. Mgeni akala, akafurahi, akasema, "Mwikwabe angekuwepo! Yule akiona kambare hasemeshwi, anamaliza mpaka kichwa."

Baba akaweka tonge chini. Kambare! Mtoto wa ukoo huu, ambao hata chungu kilichopikiwa kambare hatukigusi!

"Labda ni Mwikwabe mwingine," Mama akasema.

"Ni huyu huyu, mama, mwenye kovu shavuni," mgeni akasema. Na kovu hilo kweli unalo.

Sasa mambo ni mawili. Ama yule ni tapeli, anataka cheti akafundishe Msumbiji kwa jina lako, wewe ubaki Dar unapiga miayo. Ama ni rafiki yako kweli, na wewe umeanza kula kambare. Kama ni hilo la pili, niandikie kwenye karatasi ya pembeni, nikisoma nitairuka.

Cheti sikumpa. Aliondoka amekasirika. "Kijana, unamharibia kaka yako maisha," akaniambia. Maneno hayo hayajanitoka, maana kama alisema kweli, nafasi yako inapotea na mkosaji ni mimi. Ndiyo maana nakuuliza wewe mwenyewe, na barua hii naituma chuoni kwa anwani ya zamani, siyo ile aliyoniachia yeye.

Na hiyo Msumbiji yenyewe siielewi. Wenyewe wanasema Kireno, Kiingereza cha nini? Na vita vya Rodesia viko hapo mpakani. Shule yetu hapa Kiingereza anafundisha mwalimu wa kilimo. Balozi wetu wa nyumba kumi ameanza kuuliza kijana aliyesomeshwa na taifa anakwenda wapi. Nilimwambia umetumwa na serikali. Umetumwa, si ndiyo?

Mimi nashuku jambo lingine pia: umeogopa uso wa Baba, ukaona umtume mtu na mashine ya chapa. Baba amesema neno moja tu, "Aje." Sijui ni aje agombezwe au aje aagwe. Uso wake hausomeki, na mimi nasoma vitu vingi.

Bibi naye anasema hakuna mtu wa nyumba hii aliyewahi kuvuka nchi bila yeye kumtemea mate ya baraka kifuani. Nikamuuliza kama niyaweke kwenye bahasha. Alinifukuza na fimbo mpaka kwenye zizi.

Kwa hiyo njoo. Cheti nimekitoa sandukuni, kiko mahali ninapopajua mimi tu, usihangaike kumbembeleza Mama. Panda treni mpaka Mwanza, halafu basi mpaka Bunda. Ukinipa siku, nitakuwepo stendi. Nikikuona kwa macho nitakupa mkononi, hata Baba akikataa.

Boke anakusalimu, na shangazi Wegesa wa Butiama pia. Mungu akufunike njiani.

Ni mimi mdogo wako nikupendaye, ila bado sijakuamini,

Magige