Holo, Mtoto wa Minza

Dada Minza,

Nina hasira na wewe, na kwa kuwa umekufa na huwezi kunikatiza, leo utanisikiliza mpaka mwisho.

Habari za huku Nkololo ni hizi. Tangu wanunuzi binafsi wa pamba waje na malori yao, ghala la ushirika lilibaki tupu. Mwezi uliopita lilipakwa chokaa, zikaingizwa cherehani na madawati, likawa kituo cha wasichana. Ni kazi yako hiyo. Bwana wa mradi alisimama mbele ya watu akasema wilayani walidhani wasichana wanaomaliza la saba na kukaa nyumbani ni wachache, mpaka daftari lako lilipoonyesha wamejaa kila kitongoji. Akakutaja jina, watu wakapiga makofi. Mimi nilikunja mikono. Hata kaburini unapigiwa makofi.

Wacha niseme ukweli. Ulipoachwa na mumeo kwa sababu hukuzaa, ukarudi kwa mama na sanduku moja, nilikuhurumia, na huruma ile niliipenda. Mimi nilikuwa na mume na watoto, wewe ulikuwa na sanduku. Kisha kata ikakuchagua wewe uandikishe wasichana, ukapewa baiskeli na daftari, na huruma yangu ikaisha siku hiyo hiyo. Holo wangu naye akawa wa kukimbilia kwako. Nikimtuma maji, anauliza kwanza kama mama mkubwa amepita. Wivu ulinikaba, dada, nikashindwa hata kukusalimia vizuri.

Unakumbuka ulivyofika kwangu na kalamu. Ukanisalimia Kisukuma, "Mwadila, mayu," kwa utani, kama mgeni, kisha ukauliza nyumba hii ina wasichana wangapi. Nikajibu alivyotufundisha mama, kwamba watoto hawahesabiwi, kama ng'ombe wasivyohesabiwa mbele ya watu. Nikasema, "Wapo tu."

Ukacheka. "Kabula, 'wapo tu' nitaiandika wapi? Nitajie hata mmoja."

Nikasema hakuna. Holo alikuwa jikoni anasonga ugali, tunamsikia sote wawili. Nyumba nyingi zilikujibu hivyo kwa kuogopa mwiko. Mimi sikuogopa chochote. Nilitaka tu kazi yako iharibike kidogo. Ukafunga kalamu ukaondoka, na masika hayo hayo homa ikakuchukua kabla sijakuomba radhi.

Sasa Holo amemaliza la saba na hakuchaguliwa kwenda sekondari. Baba yake ameanza kukaa na mzee mmoja wa Mwanhuzi mwenye ng'ombe wengi, wanaongea kwa sauti ya chini. Naijua sauti hiyo, ndiyo iliyoniozesha mimi. Hakuna pa kumkimbizia isipokuwa kituoni, maana binti akishapokelewa pale, mtendaji haruhusu aozwe mpaka amalize mafunzo. Lakini wanaopokelewa ni waliomo kwenye daftari lako. Waliofichwa wanasubiri, na kwa wingi wao, wengine watasubiri mpaka waolewe.

Jumatatu nikamshika mkono tukaenda. Nilikuwa nimejiandaa kulia na kupiga magoti. Mwalimu wa kituo akapekua kurasa, kidole kikasimama. "Yumo," akasema. "Holo, mtoto wa Minza."

Niliutambua mwandiko wako. Nyumba yako, mtoto mmoja, wa kike. Badala ya kushukuru niliwaka. Yaani nilikunyima jina moja, ukaenda ukajichukulia mtoto mzima? Muda wote huo nakupita kisimani nimevimba, kumbe kwenye daftari la kata Holo ni wako. Kama ungekuwa hai tungeshikana nywele pale pale.

Mwalimu ametoka Maswa, alifika baada ya makofi yale, hatufahamu. Akaniuliza, "Wewe ndiye Minza? Kama nyumba imekosewa itabidi nimfute, aandikwe upya na wanaosubiri."

Holo akanitazama. Nimegombana na wewe maisha yako yote ili huyu mtoto ajue mama yake ni nani, na sasa nilikuwa naulizwa mbele yake.

Nikasema, "Minza amefariki. Mimi ni mama yake mdogo."

Mwalimu akafunga daftari, akampa Holo pole kwa kufiwa na mama. Holo akainamisha kichwa akaipokea, kisha akalia. Alilia kweli, dada, wala sikuweza kumwambia anyamaze. Nilisimama kando yake kama shangazi aliyekuja msibani.

Ameanza. Baba yake amenuna, mzee wa Mwanhuzi hajarudi. Lala salama. Wivu bado ninao, sitakudanganya ukiwa huko. Lakini nakuahidi hili: mpaka siku atakayomaliza, kila wakiniita pale mama mdogo, nitaitika.

Mdogo wako,
Kabula