Mama Guyo na Picha Niliyoituma

Alhamisi. Upepo umevuma tangu asubuhi na vumbi limeingia mpaka kwenye mkebe wa vifungo. Sina moyo wa kushona. Nimekaa tu dukani nikitazama nafasi iliyo wazi karibu na dirisha.

Hapo ndipo Habiba alipoweka cherehani yake kwa miaka kumi na mmoja. Mimi humwita Mama Guyo, yeye huniita Mama Kendi. Yeye ni Mborana na Mwislamu, mimi ni Mmeru wa kanisani. Alishona kanzu na madera, mimi sare za shule. Mwezi wa Ramadhani nilikuwa nakunywa chai yangu nyuma ya duka, ingawa hakuwahi kuniomba. Krismasi, kazi ikinilemea, alibaki na mimi mpaka nguo ya mwisho ya mteja wangu iishe.

Hamu ya kumsikia imenikaa kifuani kama ugonjwa.

Acha niandike ukweli. Miezi mitatu iliyopita, picha moja iliingia kwenye simu yangu. Ilikuwa katuni ya kumkejeli Mtume, imechorwa na mtu wa nchi ya mbali. Niliitazama, nikacheka, nikaituma. Nilidhani naituma kwa kina mama wa kanisa, kumbe ni kundi la kina mama wa soko, ambalo nusu yake ni Waislamu. Kukosea kundi hakunipunguzii kosa.

Kufikia jioni, mji mzima ulikuwa nayo. Mgombea mmoja wa kiti cha wadi alipanda juu ya lori akawaambia Waislamu wasinunue tena kwa Wakristo. Mpinzani wake akapanda lori lake, akatuambia Wakristo tusimwombe mtu yeyote radhi. Wazee wa kamati ya amani wakaniita. Nikawaambia simu alikuwa nayo binti yangu, akabonyeza bila kujua.

Habiba alikuwa amekaa mbele yangu kwenye kikao hicho. Alijua Kendi alikuwa shule ya bweni siku hiyo.

Hakusema neno. Kesho yake akachukua cherehani yake akahamia mtaa wa Chechelesi, upande wa pili wa mji.

Leo asubuhi wamekuja watu wawili wa yule mgombea wa pili. Wanataka nipande jukwaani Jumamosi nieleze jinsi nilivyosusiwa kwa sababu ya imani yangu. Nikawaambia nitafikiria. Ukweli ni kwamba nilifurahi. Tangu mambo haya yaanze, hakuna mtu aliyekuwa ameniambia kwamba mimi ndiye niliyeonewa.

Walipoondoka, ile furaha ikanitia aibu. Nikafunga duka, nikaenda Chechelesi kwa miguu.

Nilimkuta anapinda dera la kijani. Nikamsalimu salaam aleikum, akaitikia, akanisogezea kiti. Sikuzunguka. Nikamwambia ni mimi niliyeicheka ile picha nikaituma, si mtoto.

"Najua," akasema.

Akaendelea kupinda. Kisha akasema, bila kuniangalia, "Huyo aliyechora hanijui, na mimi simjui. Lakini wewe, Mama Kendi, umenisikia nikimswalia Mtume kila asubuhi kabla sijashika uzi. Ulicheka ukijua ni nani kwangu."



Nikamweleza habari za Jumamosi. Akaweka kitambaa chini.

"Hata mimi waliniita, watu wa yule mgombea mwingine. Walitaka nisimame mbele ya watu niseme ulidanganya, kwamba mtoto alikuwa bweni."

"Ukawaambia nini?"

"Nilikataa. Kwa hasira waliyokuwa nayo watu siku zile, wangekuchomea duka."

Kumbe muda huo wote nilipokuwa namlaumu moyoni kwa kunitupa, ni kimya chake kilichokuwa kinanilinda.

Nikamwomba msamaha, nikamwomba arudi. Akanishika mkono.

"Nilishakusamehe. Lakini kurudi siwezi. Nikikaa pale, kila ukiangalia simu ukicheka, nitajiuliza unacheka nini."

Tulikunywa chai. Akaniuliza habari za Kendi, nikamuuliza habari za Guyo. Akanisindikiza mpaka barabarani.

Niliporudi niliwapigia wale watu nikawaambia sipandi jukwaani. Kisha nikaandika kwenye kundi la soko: *Ile picha niliituma mimi. Niliiona, nikacheka, nikaituma, halafu nikamsingizia mtoto wangu mbele ya wazee. Naomba radhi.*

Mama mmoja wa kanisani amenipigia simu kuniuliza nimelipwa na nani. Wengine wamesoma tu. Habiba naye amesoma.

Kesho nitafungua duka peke yangu tena. Watu wananiambia nitazoea.

Sitaki kuzoea.