Fidia Si Msamaha

Kamau mjukuu wangu,

Nina miaka tisini na moja, nimeishi kuliko mabwana wote walioniamrisha. Cucu, nyanya yako, ni mzima na ng'ombe amezaa.

Unauliza kama uchukue fidia ya kaunti, kwa vile korti imefuta tenda waliyokupa ya kutengeneza madawati ya shule, na watoto tayari wanayakalia. Ngoja kwanza. Mwaka wa hamsini na kitu nilichonga mawe ya soko la Ruiru, na mpaka Thika hakuna fundi aliyenishinda. Kumbe ofisa alinipa kazi bila kuuliza baraza! Ikafutwa ukuta ukiwa umefika kifuani.

Karani akaniita. "Njoroge, weka kidole hapa ulipwe."

Siku hizo sikujua kusoma. "Pameandikwa nini?"

"Kwamba umesamehewa."

"Kwani nimeiba nini?"

"Wacha kiburi, chukua pesa!"

Nikakataa. Nikakalia mawe yaliyobaki, hakuna aliyethubutu kuyagusa, mpaka wakaandika kwamba sikuwa na kosa. Mtu wangu akanisomea karatasi, ndipo nikaweka kidole.

Pesa ni haki yako, chukua. Lakini karatasi yao, ingawa wewe unajua kusoma, isomwe pia na mtu wako. Serikali ikikuharakisha kulipwa, jiulize inaficha nini.

Kama huniamini, muulize Mutua wa Witeithie, tulichonga naye mawe hayo. Hanipendi, kwa hivyo hawezi kunipendelea.

Guka Njoroge