Nani Atamwogesha Mzee?

Masinya, 6 Januari 2025

Kwa binti yangu Resty,

Salamu nyingi. Mimi ni mzima, ila magoti yananikumbusha umri. Nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu unanikatiza.

Nilikutuma Tororo ukaulize chuoni habari za masomo ya forodha. Umerudi na kozi ya kusimamia nyumba za kutunzia wazee! Hapo Busia malori yamepanga foleni kutwa kucha, na wewe unataka kushinda na vikongwe? Wazee wetu wana watoto. Mimi tangu mama yako afariki, Sylvia mke wa kaka yako ananipikia na kunifulia. Niende kwa wageni kutafuta nini? Ng'ombe niliyemtenga kwa karo yako ni wa forodha.

Baba yako, Mangeni

Busia, 9 Januari

Baba mpendwa,

Habari za nyumbani? Pole na magoti. Mimi sijambo hapa kwa shangazi.

Barua nimeisoma mara mbili, ikanichosha mara mbili. Mawakala wa forodha wamejaa, wengine sasa wanauza chapati. Lakini wazee walioachwa peke yao nawaona kila mtaa, watoto wako Kampala na Nairobi. Lazima mtu ajifunze kuwaendeshea nyumba nzuri.

Sylvia ni mwema, lakini ni mkamwana wako. Kwa mila yetu hata mkono hakupi, chumbani kwako haingii. Kaka Brian, mumewe, yuko safarini na lori lake. Ukianguka itakuwaje? Masomo yanaanza Februari.

Binti yako, Resty

Masinya, 12 Januari

Resty,

Salamu nimepokea. Kumbe unaniombea nianguke? Mila haijamuua mtu. Ng'ombe haendi popote.

Baba yako, ambaye bado anasimama

Busia, 27 Januari

Baba,

Hujambo? Nimeandika, nimepiga simu, kimya. Nafasi ya chuo inapotea huku wewe umenuna. Nikimpigia Sylvia anasema, "Mzee yupo," halafu analia. Mnanificha nini? Jumamosi nakuja.

Binti yako, Resty

Masinya, 28 Januari

Mwanangu Resty,

Salamu. Mimi ni mzima kiasi. Usimlaumu Sylvia, nilimkataza kusema.

Niliteleza bafuni. Sylvia akaja mbio, akasimama nje ya mlango akilia, "Baba, siwezi kuingia." Nikamjibu, "Najua, usiingie." Wajinga wawili wenye adabu, mlango katikati. Nililala uchi kwenye maji mpaka alipompata jirani yetu Oriokot shambani kwake. Tangu hapo Oriokot ndiye ananiogesha, na ananisugua kama sufuria iliyoungua. Nimeona aibu, mwanangu, na siitaki tena.

Ng'ombe nimemuuza. Nenda Tororo ukasomee hao wazee wako.

Lakini nisikilize. Katika nyumba yako wanaume waogeshwe na wanaume, maji yawe ya moto, na mkamwana wa mtu asiachwe mlangoni analia. Waulize walimu kama wanafundisha hilo. Kama hawafundishi, wafundishe wewe.

Mimi siji kukaa huko. Nauliza tu kama kutakuwa na chumba kinachotazama barabara.

Baba yako, Mangeni