Othmani wa Vitambaa, na Jina Tulilogombania

Mwaka umegeuka, Othmani, tangu ulipokwenda kuswali alasiri ukarudishwa nyumbani umebebwa. Kumbukumbu hii ilitakiwa itoke wiki iliyopita. Imecheleweshwa na jina moja: tulikuwa tunagombania kama Shabani wa dukani kwako atajwe hapa au asitajwe. Na kwa kuwa hukupenda kufichwa jambo, tunakueleza wewe mwenyewe, watu nao wasikie.

Nyumba yako ya Gitega ni ile ile, ila imekuwa kubwa mno kwa mkeo Zaituni. Binti yenu Raissa yuko Bujumbura na wanawe, anapiga simu kuulizia dawa za presha. Zaituni humwambia yuko salama, kisha hubaki ameishika simu sikioni hata ikiwa imeshakatika. Bado anapika chakula cha watu wawili. Si kwamba amesahau. Anasema kupika kidogo kunamshinda.

Watu wanakukumbuka kwa upole. Ni fundi cherehani gani, wa hapa au wa Muyinga, ambaye hukumpa kitambaa ashone kwanza, alipe akipata? Hukumfokea mtu kwa deni hata siku moja. Kila mwezi ulipanda taksi mpaka Muyinga, ukazunguka kwa mafundi wako, ukanywa chai ya kila nyumba mpaka tumbo likalalamika, ukaulizia watoto, ukaulizia mbuzi. Salamu zikiisha ndipo uliuliza, "Kwa hesabu yako wewe, nakudai kiasi gani?" Hukutaja kwanza. Ulimwacha mwenzio aseme, ndipo ukalinganisha na hesabu aliyokuandikia Zaituni.

Lakini dukani, ndugu yetu, ulikuwa mkaidi. Mita mbili za kaki zilitaka watu watatu. Shabani alipima na kukata, akampa mteja karatasi. Mteja akaja kwako kulipa. Zaituni, kule pembeni, akaandika. Shabani hakugusa pesa, wewe hukugusa kitabu, na Zaituni hakugusa chochote zaidi ya kalamu yake. Watu wa soko walikucheka, wakasema kununua zipu kwa Othmani ni kama kuvuka mpaka. Ukawajibu neno lako lile lile, kwamba mtu akiachwa peke yake na pesa, wa pili wake ni shetani.

Baada ya magharibi mlikaa watatu, kila mmoja akataja hesabu yake kwa sauti. Zikikataa kulingana, hakuna kula. Jambo hilo lilimkera Zaituni miaka na miaka. Siku moja alikuambia mbele ya Shabani, "Baba Raissa, nimekuzalia, nimekuuguza, bado unanihesabia kama mgeni?"

Wewe ulikuwa unafunga noti kwa mpira, hata hukuinua macho. "Nahesabu pesa, Mama Raissa, ili nisije nikalazimika kukuhesabu wewe." Hakukuelewa. Alikununia mpaka asubuhi.

Siku ya maziko mdogo wako Faridi alisimama mbele ya watu, akasema kama ilivyo desturi: anayemdai marehemu aje kwangu. Hakuja mtu. Alikuja Kadidja peke yake, yule fundi wa magauni wa Muyinga, analia na pochi mkononi. "Mi ndo nadaiwa," akasema. "Mzee asiende na deni yangu. Mupokee." Faridi akamwambia atulie kwanza, atalipa siku nyingine, atamlipa Shabani.

Basi hapo ndipo tulipoanza kuharibu. Zaituni aliingia eda, na mjane wa eda haendi dukani. Faridi ana biashara yake ya mbao kule Makebuko. Sote tukasema, si Shabani yupo? Amekaa na Othmani tangu hajaota ndevu, ni mtoto wa nyumbani. Na sisi tuko msibani, nani ana moyo wa kukaa kuhesabu? Tuliona hata aibu kumuuliza, kama vile tungemtukana. Ikawa anayekopesha ni Shabani, anayepokea ni Shabani, anayeandika ni Shabani. Hata Muyinga alikwenda Shabani.

Zaituni alikuwa chumbani kwake magharibi inapoingia. Saa ya hesabu. Siku za mwanzo alijikuta anafungua mdomo, "Zilizoandikwa leo ni," halafu ananyamaza, kwa kuwa hana cha kutaja na hakuna wa kumjibu. Ile saa aliyoichukia ndiyo iliyomuuma kuliko zote. Alilia kwa ajili ya kitabu cha madeni, Othmani, ungemwona ungecheka.

Alipotoka eda alipanda taksi kwenda Muyinga, azunguke kama ulivyozunguka wewe. Akafika kwa Yakobo, yule mshona sare za shule aliyekulia Tanzania. Akanywa chai, akaulizia watoto, kisha akauliza swali lako.

"Kwa hesabu yako, Yakobo, tunakudai kiasi gani?"

"Hamnidai kitu, mama. Nilimaliza kabla shule hazijafunguliwa. Nilimkabidhi Shabani mkononi, hapo hapo ulipoketi." Akamtazama. "Kwani hakufikisha?"

Kitabuni Yakobo alikuwa bado anadaiwa deni lote. "Alifikisha," Zaituni akasema. "Mimi ndiye nimechanganya." Njia nzima ya kurudi Gitega alikaa kando ya dirisha, akirudia hesabu kichwani.

Zaituni alipomuuliza, Shabani hakukana. Mkewe alijifungua kwa kupasuliwa, hakuwa na pesa, akatumia zile alizolipa Kadidja, akisema moyoni atazirudisha mwisho wa mwezi. Mwisho wa mwezi hana. Ikabidi zile za Yakobo aziandike kwa jina la Kadidja, na za fundi mwingine baadaye angeziandika kwa jina la Yakobo. Akawa anafukia shimo kwa udongo wa shimo jingine, na kila shimo jipya kubwa kuliko la kwanza.

"Ungekuja kuniambia," Zaituni akasema. "Mtoto wako ni mjukuu wangu. Ningekunyima?"

"We ulikuwa ndani, mama. Mi nilikuwa peke yangu asubuhi, peke yangu mangaribi. Mzee alipokuwa hai, mi sikujua kama niko mwizi ao siko, juu ile pesa haikuwa inapita kwa mkono yangu." Alikuwa ameangalia chini. "Mulinipenda, lakini muliniacha."

Hapo ndipo Zaituni alipokuelewa, mume wake, wakati hakuna tena wa kumwambia nimekuelewa. Hukuwa unamtilia shaka mtu. Ulikuwa unakataa kumwacha mtu peke yake. Aliingia ndani, akafunga mlango, akakulilia upya kama siku ya kwanza.

Faridi alitaka polisi. Zaituni akakataa. Sasa Shabani anapima na kukata, basi. Zaituni anapokea. Karatasi zote zinapigwa picha na kutumwa kwa Raissa, naye anaandika kule Bujumbura, na kila mwezi anawapigia mafundi yeye mwenyewe, anawauliza swali lako. Magharibi simu inawekwa juu ya meza, wanataja watatu. Shabani anakatwa mshahara kidogo kidogo, na hajawahi kulalamika. Wanapomaliza, Shabani anaaga, Raissa anakata simu, na Zaituni anabaki na kile chakula chake cha watu wawili.

Tulipokaa kuandika haya, Faridi alisema jina la mwizi halikai pamoja na majina yetu. "Likiingia lake, langu litoke," akasema. Karatasi ikakaa mezani siku kadhaa bila kuongezwa neno.

Jana Zaituni alimpelekea Faridi chai, akaketi mbele yake. "Shemeji," akamwambia, "wewe ulimjua ndugu yako kwenye sikukuu na kwenye misiba. Tuliomjua kila siku, anavyokohoa, anavyonung'unika pesa zisipolingana, ni mimi na Shabani tu. Nikimfukuza yeye, jioni nitamkumbuka mume wangu na nani?"

Faridi aliinywa ile chai mpaka chini. "Liandike," akasema. "Langu pia liache."

Kwa hiyo wanaokukumbuka ni hawa: mkeo Zaituni, binti yako Raissa, mumewe na watoto wao, mdogo wako Faridi na nyumba yake ya Makebuko, na Shabani, mkata vitambaa wako.

Mola akurehemu, Othmani. Maadamu tunapumua, hutatutoka moyoni.