Pengo la Mhina Kwenye Kamba

Kwamsisi, Handeni

Mjukuu wangu Hatibu,

Marahaba. Sisi tu wazima, na bibi yako, yule mkeo, anasema mahindi mabichi yanakungoja. Unauliza ufanyeje, maana wamekuchagua kapteni wa mpira hapo shuleni Tanga.

Enzi za Mjerumani, tulipokuwa tukijenga reli Korogwe, siku za mapumziko sisi Wazigua tulivutana kamba na Washambaa. Kiongozi wetu, Mhina, alizama mtoni na mwili wake haukuonekana. Nikachaguliwa mimi. Desturi yetu ilikuwa kuacha wazi nafasi ya marehemu kwenye kamba mpaka azikwe. Mimi nilitaka ushindi, nikasema, "Sogeeni, zibeni pengo."

Tukavuta. Kamba haikwenda kwao wala kwetu. Ilikwenda ubavuni, kuelekea mtoni. Washambaa wakaiachia, nasi tukaiachia. Ikaendelea kutambaa majanini, jua la saa sita, bila mkono wa mtu.

Mzee mmoja wa Kishambaa akaniambia taratibu, "Kiongozi, mtu wako anakuita."

Tukaifuata sote. Iliposimama penye matete, tulimkuta Mhina. Tulimvuta kwa kamba ileile, Wazigua na Washambaa tumechanganyika, na hakuna aliyeuliza huyu ni wa nani.

Tangu hapo, kabla ya mchezo wowote, nilitazama kwanza nani hayupo.

Kamba ile ninayo darini, juu ya moshi wa jiko, miaka yote hii. Asubuhi nimeigusa. Bado imelowa.

Babu yako,
Semboja